Magunia Sitini ya Papa Ilunga

Rosettenville, Jumapili alasiri

Masengo mwanangu,

Salamu sitakuandikia, maana hatujaachana hata saa tatu. Uko Joubert Park unamuaga shangazi yako, na jioni utanikuta hapa hapa kwenye cherehani kama kawaida. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya overoli ya bluu. Begi nimekwisha kulifungua, usikasirike. Nililifungua jana, na juzi pia. Nilikuwa natafuta karatasi yoyote ambayo Papa Ilunga, huyo unayekwenda kwake, angekuwa amekuandikia kunihusu mimi, nikakuta spana, tepu ya kupimia na soksi.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na mahali pa kuficha pasipoti sitazigusa. Mama zako wa kanisani wamekwisha kukuchosha nazo. Nimeandika Kiswahili cha Biblia, kisicho na haraka, kwa sababu najua chetu unakisikia vizuri ila ukijibu unajibu Kiingereza, na ukikasirika ni Kizulu. Usome ukiwa kwenye basi. Ukikwama neno muulize uliyekaa naye. Hapana, usimuulize. Humjui.

Ndivyo nilivyo, na wewe umeishi nami miaka ishirini na minne unanijua. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Unga wa dukani siuamini, mizani ya bucha siiamini, na fundi umeme akija nasimama nyuma yake mpaka amalize. Marehemu baba yako alikuwa akicheka, anasema nimezaliwa na polisi tumboni. Sikuwahi kuona ubaya wake. Katika mji huu, mwanamke mgeni asiyeshuku watu hulizwa kila mwezi, na mimi sikulizwa.

Basi Papa Ilunga alipokutumia ule ujumbe wa sauti, kwamba amenunua mashine ya kuvunia mahindi, nzee, ya mistari miwili, huko kwake Kongo, nje ya Likasi, na kwamba ameonyeshwa matrela mawili ya tipa, kubwa na dogo, na anataka wewe uende umchagulie lipi linaifaa, nilijua papo hapo kuna jambo. Wewe ulifurahi. Ulisema, "Eish, Mama, ni trela tu." Mimi niliweka mkasi chini. Masengo, yule mzee hahitaji mtu wa kumchagulia trela. Katika watu wote niliowahi kuwajua, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuchagua sawasawa, na mimi ndiye niliyemkatalia.

Hapo ndipo ninapotakiwa kukuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Tulikuambia Papa Ilunga aliondoka Johannesburg kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Mama yake alikuwa mzima kabisa. Aliondoka kwa sababu nilimwita mwizi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano, na mashamba hayakukuhusu, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo. Sisi familia nne za kanisani tulichoka kula bukari, ugali wetu, ya unga tusiojua umetoka wapi. Tukakodi shamba nje kidogo ya Heidelberg kwa mzee mmoja Kaburu ambaye watoto wake wote walikuwa wamehamia ng'ambo. Tulilima mahindi meupe, yakatoka vizuri kuliko tulivyostahili. Wakati wa kuvuna, mashine kubwa za kukodi zilikuwa zimekwenda kwa wakulima wakubwa. Mzee akatuonyesha bandani mashine yake ya zamani. Si zile zinazotoa punje. Hiyo inavutwa na trekta, inavunja hindi zima kwenye bua, inalimenya maganda, kisha ngazi ya mnyororo inalipandisha na kulidondosha kwenye trela linalofuata nyuma. Baba yako na Papa Ilunga walishinda nayo wiki mbili, wakabadilisha minyororo na kuzipaka mafuta roli za kumenyea, hadi ikanguruma.

Papa Ilunga ndiye aliyemfuata baba yako kutoka Likasi. Alikuwa akilala Berea, chumba kimoja na wanaume watatu, mlinzi wa usiku kwenye maghala. Hakuwa na mke wala mtoto hapa. Wewe alikubeba mabegani kwenda shule ya chekechea mwaka mzima ule mimba yangu ilipoharibika, na sikumbuki kama nilimwambia asante.

Mashine ilikuwa tayari, ikabaki trela. Mzee alikuwa nayo mawili ya tipa, na alisema tuchukue tunalotaka. Moja lilikuwa fupi, la mbao, limechakaa. La pili lilikuwa la chuma, refu, lenye kuta ndefu. Papa Ilunga alitaka lile dogo. Aliniambia, nakumbuka kila neno, "Mama Masengo, ile mashini ni muzee. Haiwezi kukokota kitu ya kuizidi. Na bunzi nayo iko inakula nafasi." Bunzi ndilo gunzi, ule mfupa wa hindi. Nilimsikia, ila nilichosikia mimi ni kingine. Nilisikia mtu anayetaka trela dogo, na trela dogo maana yake safari nyingi. Kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kupukuchua, uwanjani kwa mzee, kulikuwa na barabara ya vumbi inayopita katikati ya vibanda vya watu na spaza mbili, vile viduka vya mtaani. Dereva ni yeye, peke yake. Safari nyingi maana yake nafasi nyingi za kusimama.

Unaona jinsi nilivyopiga hesabu. Nikamuuliza mzee lile kubwa linachukua nini, akasema mahindi magunia sitini. Hakudanganya. Alikuwa anasema mahindi ya punje, maana hiyo ndiyo kazi lililokuwa likifanya. Na mimi, mtoto wa Likasi, sijawahi katika maisha yangu kuona mahindi yakihesabiwa ila yakiwa punje. Kwetu mahindi yakitoka shambani ni ya mama kupukuchua kwa mikono barazani, na kinachohesabiwa ni gunia. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuniuliza hindi zima linakaa mahali pakubwa kiasi gani. Niliandika sitini kwenye daftari la vipimo vya wateja, nikawaambia familia zote nne: trela moja, magunia sitini. Wakapiga makofi. Mimi ninayempima mteja bega mara mbili kabla ya kukata kitambaa, trela sikulisogelea hata na tepu.

Siku ya kwanza ukuta wa trela ulikuwa juu kuliko mdomo wa ngazi. Mahindi yakagonga chuma, yakaanguka chini. Wakafungua bati la juu upande mmoja, ndipo yakaanza kuingia. Halafu ngazi ile hudondosha mahali pamoja tu, mbele, na trela lilikuwa refu. Mbele kukawa na mlima, nyuma patupu, na uzito wote ukalalia ule mkono wa nyuma ya mashine unaoshika trela. Mchana mkono ukapinda. Papa Ilunga alinitazama tu. Nikajiambia, huyu anafurahi.

Waliunyoosha mkono, wakachomelea, wakaendelea, mtu mmoja amepanda juu akiyavuta mahindi kurudi nyuma kwa reki. Jioni trela lilikuwa limejaa pomoni, na Papa Ilunga akaliondoa polepole kuelekea uwanjani. Sisi tulitangulia kwa gari. Alichelewa. Alipofika akamwaga, mashine ya kupukuchua ikafanya kazi, na mimi nikasimama kwenye mdomo wake nikihesabu.

Yalitoka magunia ishirini na nane.

Nilirudi kwa ile barabara ya vumbi, na mbele ya spaza ya kwanza nikaona wanawake wawili wamekaa na mahindi, mazima, meupe, yetu kabisa, wanayapanga kwenye beseni. Ilinitosha. Trela la pili lilitoa ishirini na tisa. La tatu ishirini na saba. Kila jioni nilikuwa nikitazama mikono ya Papa Ilunga, viatu vyake, mfuko wa shati lake. Aliponunua redio ndogo nikaiweka nayo kwenye hesabu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulibaki watu wazima wa familia nne kwenye ukumbi, watoto mkatolewa nje mcheze. Nilisimama na daftari langu. Nikasoma: sitini, ishirini na nane. Sitini, ishirini na tisa. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimwambia mbele ya wote kwamba amekula nusu ya chakula cha watoto wetu. Alisimama taratibu. Akasema, "Miye shiyaiba, mama. Ata hindi moja." Kisha akamtazama baba yako. Hakunitazama mimi tena, alimtazama baba yako na kungoja. Na baba yako, Masengo, aliangalia sakafu, kwa sababu katika nyumba yetu anayehesabu ni mimi.

Papa Ilunga aliweka ufunguo wa trekta juu ya kiti. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amepanda basi.

Mwaka uliofuata nilimweka dereva mwingine, na safari hii sikutangulia kwa gari. Nilipanda juu ya mahindi yenyewe. Nilikaa kwenye lile trela kutoka shambani hadi uwanjani, kitambaa usoni kwa vumbi, macho wazi. Na nikaona kwa macho yangu: kila tulipoingia shimo, ule mlima wa mbele ulimwaga mahindi kumi, kumi na tano barabarani, na wanawake wa kwenye vibanda walikuwa wakitufuata nyuma wakiokota, wanacheka, wananipungia mkono. Yalikuwa ya kuanguka, na ni halali yao. Lakini hayo yote hayakufika gunia moja. Tulipopukuchua, nikahesabu. Ishirini na nane.

Unajua nilichofanya? Nilimshuku mwenye mashine ya kupukuchua. Nilifungua mfuniko wa mashine nikatazama kama ina tumbo la siri. Mfanyakazi wa mzee, Msotho mmoja mtu mzima, alikuwa akinitazama amejishika kiuno. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, nimeketi juu ya magunia sitini sasa hivi na yametoka ishirini na nane. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akachukua ndoo, akaijaza mahindi mazima hadi juu, akanipa. "Eish, mme," akasema, yaani mama kwao, "pukuchua."

Nilipukuchua kwa mikono, nimechuchumaa uwanjani. Punje nikazirudisha kwenye ndoo ile ile. Zilifika katikati. Magunzi niliyarusha pembeni, yakawa fungu kubwa kuliko ndoo yenyewe. Na zile roli nzee za kumenyea hazikuwa zinatoa maganda yote, kwa hiyo hata hiyo nusu ilikuwa haitimii vizuri. Mahindi yetu hayakuibwa. Hayakuwahi kuwa sitini.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye aibu yangu, si kule ukumbini. Kule ukumbini nilikuwa mjinga, na ujinga mtu husamehewa. Baada ya ile ndoo nilikuwa najua. Niliinuka, nikakung'uta sketi, nikaenda nyumbani nikapika. Baba yako aliniuliza mahindi yametoka mangapi, nikamwambia yametosha. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikajiambia nitamwambia Jumamosi. Kisha nikajiambia, akishajua ataniacha, au ataniangalia kama alivyoiangalia ile sakafu. Nikashuku hata kwamba yule Msotho atamtafuta baba yako amweleze, ndiyo maana mwaka uliofuata nilisema shamba limetuchosha, tuache. Miezi minane baadaye baba yako akaugua. Wiki yake ya mwisho hospitalini alitaja jina la Ilunga mara mbili, na mara ya pili alisema, "Sijui kwa nini alinifanyia vile." Nilikuwa nimemshika mkono. Nikasema, "Pumzika."

Baba yako alikufa akiamini rafiki yake ni mwizi. Nililia sana msibani, na watu walidhani wanajua ninalia nini.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyokaa tangu ule ujumbe wa sauti ufike. Nilitengeneza sababu za kila aina. Anamwita mtoto wangu ili amweleze huko mbali, nisipokuwepo kujitetea. Anataka umchagulie trela litakalovunja mashine, nawe akuite mwizi mbele ya watu. Au anataka kukuoza kwa mtu wake. Hilo la mwisho nilimwambia shangazi yako, akaniambia nikalale.

Alhamisi, ulipokuwa karakana, nilimpigia simu. Mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Nilijiandaa kwa ukali, nikaanza hata bila salamu: "Unamtakia nini mtoto wangu?"

Nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Mama Masengo. Tela nilishauza... aa, nilishanunua. Ni ile kadogo. Kazi ya mtoto iko, mashini ni muzee, inaomba fundi kila siku, njo vile. Lakini tela sina shida nayo."

"Basi ulimdanganya."

"Nilidanganya, ndiyo. Nilitaka mutu moya tu ya nyumba yenu akuye hapa, asimame pale banapukuchua, aone kwa macho yake. Ni ile tu, mama. Kisha anaweza kurudia."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Ndoo ile nilikuwa nayo kwenye ulimi. Nikamuuliza kama mvua zimenyesha vizuri.

Mwanangu, nimemshuku mtu huyu miaka tisa na leo bado kuna sehemu ndani yangu inatafuta hila katika maneno yale, na haioni. Asubuhi ya leo kanisani, mchungaji alipouliza nani ana neno, nilisimama. Ulinigeukia, ukafikiri nataka kukuombea safari. Familia mbili kati ya zile nne zilikuwa zimekaa mbele yetu, nilikuwa naona visogo vyao. Nilifungua mdomo, nikaomba tuimbe wimbo. Nilipoona siwezi kusema mbele ya watu, ndipo nikaamua kuandika, angalau wewe usiyapate kwa mtu mwingine.

Kuhusu kazi yenyewe, wewe ni fundi na mimi ni mshonaji, lakini nilichojifunza nilikilipia. Ukifika, hata kama trela limekwisha kununuliwa, lipime. Pima mdomo wa ngazi mashine ikiwa shambani juu ya matuta, si kwenye sakafu ngumu, kisha pima ukuta wa trela magurudumu yakiwa na upepo. Uliza trekta inaweza kuvuta nini kwenye udongo uliolowa, ikiwa na mashine na trela kwa pamoja. Tazama inachukua muda gani kumwaga na kupukuchua, maana hakuna faida trela kujaa huku mzigo wa kwanza haujapukuchuliwa. Mashine nzee ina mwendo wake, na ukiiwekea kitu kikubwa nyuma haitavuna zaidi, itavunjika tu. Na mtu akikutajia linachukua magunia mangapi, muulize kwanza: ya nini? Mimi kushuku sikupungukiwa hata siku moja. Nilishuku kila mtu aliyesimama uwanjani pale, nikaacha kuishuku namba niliyoiandika mwenyewe.

Sikukatazi kuwa mwangalifu. Wewe ni damu yangu, utashuku tu. Ila ukimshuku mtu, muulize, na umngoje ajibu, na jibu lake ulipime kama unavyopima chuma. Papa Ilunga alinijibu kabla hata sijamshtaki. Aliniambia gunzi linakula nafasi. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama hivi nilivyo karibu na cherehani.

Unaweza kunikasirikia. Ukitaka kukaa wiki mbili bila kunipigia, nitaelewa, ingawa nitafikiri basi limepinduka. Ukitaka kumwambia Papa Ilunga kila kitu kilicho humu, mwambie. Ukitaka kumsomea, msomee, na yale ya redio usiyaruke.

Ila nakuomba jambo moja. Trela lake la kwanza likijaa, usiende kunawa wala kula. Simama kwenye mdomo wa mashine ya kupukuchua, mahali niliposimama mimi. Hesabu gunia moja moja, kwa sauti, kwa Kiswahili, asikie. Likifungwa la mwisho, hata yakiwa machache kiasi gani, mgeukie umwambie: "Papa, yametimia." Neno hilo nilipaswa kumwambia mimi, miaka tisa iliyopita, baba yako akiwa amesimama pale.

Mama yako